Kunuka na Kunukia: Kwapa, Shabu na Heshima ya Mwambao

Mwanzoni mwa mwaka 1866 David Livingstone aliteremka Unguja akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara. Ufukwe wa mji aliukuta umejaa taka na vitu vilivyooza, hata akalichezea jina la Zanzibar katika shajara yake, akaliunganisha na neno la kwao lenye maana ya uvundo. Katika mji huo huo, mwaka huo huo, Sayyida Salme binti Said alikuwa akiishi siku zake za mwisho nyumbani kabla ya kutoroka kwa meli ya Kiingereza mwezi wa Agosti. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1886, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na ndani yake mji ule ule unanukia: asumini, mawaridi, miski, ambari.

Nani kati yao aliyesema kweli? Wote wawili. Mmoja alisimama ufukweni na mwenziwe alikaa ndani ya nyumba. Historia ya harufu katika mwambao haina budi kuanza na masafa hayo mafupi baina ya ufukwe na ndani, kwani humo ndimo zilimokaa heshima na fedheha, uungwana na utumwa, na hata kitu kidogo kisichotajwa hadharani, yaani kwapa la binadamu.

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyozaliwa tumbo moja. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Kunukia ni kutoa harufu nzuri. Kinachovitenga ni irabu moja tu, nayo ni ile ile inayofanya kupika kuwa kupikia, na kuandika kuwa kuandikia: alama ya tendo linalomwelekea mwingine. Anayenuka ananuka na nafsi yake; anayenukia huwanukia wenziwe. Huenda sarufi haikukusudia falsafa hiyo, lakini watu wa mwambao wameiishi. Na lugha haikuishia hapo. Ina shombo kwa ajili ya samaki, uvundo kwa kilichooza, na kwa jasho la binadamu lililolala ina majina mawili kamili: kutuzi na kikwapa. Watu wasioona haya kulipa jambo jina, ni watu waliokwisha kulitafutia dawa.

Usafi huu si wa jana. Mwaka 1331 msafiri wa Tanja, Ibn Battuta, alipita katika pwani hii. Alipofika Mogadishu alikaribishwa kwa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamiminiwa marashi ya mawaridi ya Damascus. Alipofika Mombasa, kisiwa kisichokuwa na mashamba makubwa wakati ule, jambo alilolitazama kwa makini ni milango ya misikiti. Hapo aliona visima na kata za mti zenye mipini mirefu za kutekea maji, na mkeka mgumu wa kupangusia miguu, kwani watu walitembea pekupeku na hawakuingia ndani ila baada ya kuosha nyayo. Msafiri aliyekwisha kuiona Makka, Damascus na Baghdad hakuona sababu ya kuwafundisha wenyeji wa Mombasa namna ya kuoga.

Dini iliyaweka mambo hayo katika mpango. Kuondoa nywele za makwapa huhesabiwa miongoni mwa mambo ya maumbile, pamoja na kukata kucha na kupunguza masharubu. Siku ya Ijumaa Mwislamu huoga, huvaa nguo safi na kujitia mafuta mazuri. Na aliyekula kitunguu thomu kibichi huaswa asiingie msikitini mpaka harufu imtoke. Ndani ya maagizo hayo mna wazo moja kubwa: harufu ya mtu ni jambo la jirani yake. Mwenye kusali safuni bega kwa bega hana haki ya kumtesa mwenziwe kwa kwapa, kama vile asivyo na haki ya kumkanyaga mguu.

Basi dawa zilikuwa zipi? Ya kwanza, na ya bei nafuu, ni shabu. Ni jiwe jeupe, lenye kuona kama barafu chafu, linalouzwa katika maduka ya dawa za asili tangu zama. Jina lake ni la Kiarabu, na kazi zake ni nyingi: hutiwa katika maji ya kisima yaliyochafuka ili tope litulie chini, hupitishwa na kinyozi juu ya shavu lililokatika ili damu ikome, na husuguliwa kwapani baada ya kuoga, ngozi ingali mbichi. Wengine huliweka juu ya kikaango kikavu mpaka likatoa povu, likafura na kukauka, kisha hulisaga likawa unga mwepesi. Shabu haina harufu. Haifichi kitu wala haipambi kitu. Huikaza ngozi kidogo na kuyanyima mastakimu yale yanayozaa harufu, basi.

Ya pili ni liwa. Kipande cha msandali husuguliwa juu ya jiwe kwa maji au kwa marashi ya mawaridi, kikageuka uji mzito wa rangi ya udongo. Uji huo hupakwa usoni, shingoni, mikononi na kwapani. Hupoza joto, na unapokauka huacha harufu ya mti iliyo tulivu. Desturi hii haina mpaka wa nchi: wanawake wa Visiwa vya Ngazija na wa Bukini huwaonekana hata leo mabarabarani nyuso zao zimepakwa msandali uliosagwa juu ya jiwe la matumbawe. Ya tatu ni singo, inayotwangwa kinuni: karafuu, asumini, mawaridi, langilangi, mrehani, liwa, kila mtaa na mizani yake, kila somo na siri yake. Singo husuguliwa mwilini mwa biharusi siku kadha kabla ya harusi, mpaka taka za ngozi zikatoka na harufu ikaingia mahali pao.

Kisha kuna kikuba, shada dogo la majani na maua yanukiayo, mrehani, mkadi, asumini na kilua, linalofungwa kwa uzi na kuwekwa kifuani au nyweleni. Kikuba ni dawa ya jasho kwa namna ya peke yake, kwa kuwa joto la mwili ndilo linalokiamsha. Mwanamke akitokwa na jasho, ndipo kikuba kinapozidi kunukia. Hakipigani na mwili, bali huutumia. Mti unaozaa kilua, mkilua, ulipopewa jina la kisayansi mwaka 1970 na Bernard Verdcourt wa bustani ya Kew, haukupata jina la mfalme wala la mvumbuzi. Uliitwa Mkilua fragrans, yaani mkilua unukiao. Ukoo wake ni mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Ni nadra elimu ya miti ya Ulaya kupiga magoti mbele ya neno la Kiswahili namna hiyo, na neno lenyewe lilihifadhiwa na wanawake waliokuwa wakifunga vikuba, si na wanavyuoni.

Mwisho wa yote ni moshi. Udi, mti wa mashariki ya mbali unaopata harufu yake baada ya kuugua kwa ukungu, huwekwa juu ya makaa katika chetezo. Nguo hutandazwa juu ya kitenge cha vijiti, na moshi hupanda taratibu katika nyuzi zake. Nguo iliyofukizwa vizuri hudumu na harufu hiyo hata baada ya siku nyingi kabatini, na upande unaokaa kwapani hufukizwa zaidi kuliko pengine. Ubani, utomvu wa Dhufari na pwani ya Somalia, una kazi nyingine: ni wa maulidi, wa hitima, wa nyumba. Mjuzi hachanganyi mambo hayo. Moshi wa furaha haukai chungu kimoja na moshi wa msiba.

Na msiba una sheria yake. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo hajifukizi, hajipaki marashi, wala havai kikuba. Huoga, maana usafi haukukatazwa; kilichozuiliwa ni kunukia. Hapo ndipo tofauti ya vitenzi vile viwili inapodhihirika kuliko katika kitabu chochote cha sarufi. Mjane hanuki, lakini hanukii. Husimama katikati, mahali ambapo lugha haina kitenzi. Siku eda inapokwisha, wanawake humzunguka, humwogesha, humvisha nguo mpya, na chetezo hurudishwa chumbani. Aliyewahi kushuhudia siku hiyo anajua kwamba moshi wa kwanza baada ya eda huwaliza watu zaidi ya maneno.

Lakini haitoshi kusifu. Ni lazima kuuliza: liwa hiyo ilisagwa na mkono wa nani? Katika karne ya kumi na tisa, majumba makubwa ya Unguja, Mombasa na Lamu yaliendeshwa na watumwa. Mkono uliochota maji, uliotwanga singo, ulioshika chetezo, aghalabu haukuwa mkono wa mwenye kunukia. Na nje ya kuta hizo, mashambani, watu walipalilia na kuchuma karafuu, kiungo chenyewe cha singo, kwa jasho ambalo hakuna aliyelifukiza. Uvundo alioulalamikia Livingstone ufukweni haukuwa wa samaki na taka za jikoni peke yake. Ulikuwa pia uvundo wa biashara: majahazi yaliyoshusha watu waliobanwa kama magunia, na maiti ambazo hazikupata kaburi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kwa hivyo mwaka ule wa 1866 harufu mbili zile, ya Livingstone na ya Salme, hazikuwa harufu za miji miwili. Moja ilikuwa gharama ya nyingine.

Hapo ndipo manukato yanapopata maana yao ya kihistoria. Kunukia kulikuwa ni alama ya uungwana, na uungwana ulikuwa kinyume cha utumwa. Hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria nao wakaingizwa katika hukumu hiyo mwaka 1909, waliokuwa watumwa hawakungoja kuambiwa namna ya kuwa huru. Wanawake wa Ng'ambo walivaa kanga za rangi, baadaye wakavaa buibui, wakanunua viatu, na kikuba kikawa cha kila mwenye senti chache za kununua maua jioni. Yule aliyewahi kusaga liwa kwa ajili ya bibi yake, sasa alijisagia mwenyewe. Jambo hilo halikuandikwa katika mkataba wowote, lakini ni sehemu ya historia ya uhuru wa visiwa hivi. Harufu iliyokuwa ya baraza chache ilivuka daraja ikawa ya mji mzima.

Wakati huo huo, mwalimu mpya alikuwa amekwisha kuingia bandarini, naye ni sabuni ya kiwanda. Ulaya ya mwisho wa karne ya kumi na tisa iliuza sabuni pamoja na hadithi. Mwaka 1899 kampuni ya Pears ilitoa tangazo lililomwonyesha kamanda mmoja wa manowari akinawa mikono, na maelezo yake yalidai kwamba kufundisha usafi ni njia ya kuupunguza ule ulioitwa mzigo wa mtu mweupe. Maana yake ilikuwa wazi: kuna watu wanaonuka duniani, na kuna watu waliotumwa kuwaosha. Lakini Sayyid Said alikwisha kumjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ya Kidichi mwaka 1850, na Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliwajengea watu wa mji hamamu ya malipo, mtaa wake ukaitwa Hamamni mpaka leo. Katika miaka hiyo hiyo, nyumba nyingi za wafanyakazi wa London hazikuwa na chumba cha kuogea.

Tusi hili la kwamba mtu mweusi ananuka kwa asili lilidumu kuliko wakoloni wenyewe. Liliingia katika utani, katika mabasi, katika ofisi, na la kusikitisha zaidi, katika vinywa vya Waafrika wakisemana wao kwa wao. Kwa hiyo inafaa elimu ya leo isimame ikatoa ushahidi wake.

Mwili wa binadamu una vitundu vya jasho vya aina mbili. Aina ya kwanza imeenea mwili mzima, na jasho lake ni maji na chumvi kwa ajili ya kuupoza mwili. Aina ya pili hukaa makwapani na sehemu za siri, nayo huamka wakati wa baleghe. Jasho lake lina mafuta na vitu vingine. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalonuka likiwa jipya. Kinachonuka ni kazi ya vijidudu wanaoishi juu ya ngozi, wanaokula jasho la aina ya pili na kuacha mabaki yenye salfa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza umbo la kimeng'enya cha kijidudu kimoja kiitwacho Staphylococcus hominis, na kuonyesha kwamba hicho ndicho chenye kutengeneza harufu kali ya kwapa. Mtu basi hanuki. Ananukishwa na wageni wake.

Ama juu ya rangi za watu, jambo hilo nalo lina jibu. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba jini moja, ABCC11, ndiyo inayoamua kama nta ya sikio ni kavu au ni ya majimaji, na ikafahamika kwamba jini hiyo hiyo ina mkono katika harufu ya kwapa. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wana aina ya nta kavu, na makwapa yao hayana harufu ya kusemwa. Waafrika karibu wote, na Wazungu walio wengi, wana aina ile nyingine. Yaani, katika daftari la makwapa, Mzungu na Mwafrika wameandikwa ukurasa mmoja. Muuza sabuni aliyekuja kumwosha mwenziwe alikuja na kwapa lile lile.

Na kama kuna mtu aliyehitaji kutishwa ili anunue dawa ya kwapa, hakuwa Mswahili. Dawa ya kwapa ya kwanza yenye jina la biashara, Mum, ilitokea Philadelphia, Marekani, mwaka 1888. Baada yake, mwaka 1903, ikaja Everdry, iliyotumia chumvi ya alumini kuziba vitundu vya jasho. Hazikununuliwa sana. Wamarekani wa siku hizo waliona aibu kulitaja jasho, na wengi waliona kuoga na marashi kunatosha. Halafu msichana wa Cincinnati aitwaye Edna Murphey alichukua dawa ambayo babake, daktari wa upasuaji, aliitengeneza ili mikono isitoke jasho akiwa kazini, akaiita Odorono, akaipeleka katika maonyesho ya Atlantic City kiangazi cha mwaka 1912. Joto la mwaka ule lilimsaidia. Lakini aliyeifanya iwe bidhaa ya kila nyumba ni mwandishi wa matangazo, James Young. Mwaka 1919 alichapisha katika jarida la akina mama tangazo lililodokeza kwamba mwanamke anaweza kuwa ananuka na asijue, na kwamba watu wanamsema nyuma ya mgongo wake. Wasomaji wapatao 200 walijitoa katika jarida hilo kwa hasira. Mauzo, hata hivyo, yalipanda kwa asilimia 112 katika mwaka mmoja, yakafika dola 417,000.

Hapo pana tofauti ya kufikiriwa. Somo wa Kiunguja na mwandishi wa matangazo wa Marekani wote wawili humwambia msichana habari ya kwapa lake. Lakini somo humwambia faraghani, mkono wake ukiwa umeshika singo, na siri hubaki chumbani. Mwandishi wa matangazo alimwambia mbele ya nchi nzima, na dawa ilikuwa kibandani kwa bei yake. Kwa mmoja harufu ni adabu inayofundishwa. Kwa mwingine ni hofu inayouzwa. Baadaye, dawa hiyo ilipata kichwa cha mpira mwaka 1952, kwa kuiga kalamu ya wino wa mpira, na katika miaka ya 1960 ikawa ya kupuliza kutoka koponi; kisha, taratibu, ikafika Darajani na Mombasa, katika rafu moja na sabuni za kunukia.

Ilikuja ikapotea, ikarudi tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kuvunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na baada ya vita vya Kagera, Tanzania ilipita katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Sabuni ikawa ya kupangiwa foleni, na huko bara na hapa visiwani watu walifua nguo kwa majani ya mpapai. Wanaoikumbuka miaka hiyo hawaitaji kwa kicheko tu. Mwalimu kuingia darasani au muuguzi kuingia wodini pasi na sabuni ni jambo linalomvunja mtu. Katika dhiki hiyo, elimu ya bibi, iliyokuwa imeanza kuitwa ushamba, ilitolewa tena kabatini. Shabu haikupangiwa foleni. Ndimu haikuwa na kibali. Mrehani uliota uani kama kawaida. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, makopo yakarudi, na shabu ikasahauliwa mara ya pili.

Leo imerudi kwa mlango wa kifahari. Huko Ulaya na Marekani, watu wanaoogopa kemikali za viwandani wanatafuta dawa ya kwapa ya asili, na miongoni mwa wanazouziwa ni jiwe jeupe katika kikopo kizuri, lililoandikwa kuwa ni fuwele safi. Ni shabu. Na kichekesho chake ni kwamba wengine hulinunua ili wakimbie alumini, nao hawajui kwamba shabu yenyewe ni chumvi ya alumini. Hofu ya kwamba alumini ya kwapani huleta saratani ya matiti imechunguzwa kwa miaka mingi bila kupatikana ushahidi wa kuaminika. Na hata hivyo mtu ana haki ya kuchagua atakachojipaka. La kujihadhari ni kuuziwa mali yako mwenyewe kwa jina la mgeni.

Anayetaka kujitengenezea dawa ya kwapa nyumbani hana haja ya vitu vya mbali, ila ana haja ya akili. Maelezo yanayotoka nchi za baridi husema: changanya mafuta ya nazi na unga, iweke mchanganyiko ugande. Huko utaganda. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, na katika visiwa hivi, isipokuwa usiku wa kipupwe, nyuzi hizo ni za kawaida kuvukwa. Mafuta yatabaki maji katika chupa na yatachafua kanzu. Pwani inataka nta ya nyuki, ambayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 60. Vijiko vitatu vya mafuta ya nazi na kimoja cha nta iliyoparuzwa huyeyushwa pamoja ndani ya bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto. Bakuli likiondolewa motoni hutiwa vijiko viwili au vitatu vya wanga laini wa kunyonya unyevu, na robo ya kijiko cha shabu iliyosagwa mpaka ikawa kama poda. Hukorogwa mpaka ianze kuwa nzito, kisha humiminwa katika kikopo kidogo chenye kifuniko. Chembe kidogo juu ya kidole yatosha kwapa moja.

Karafuu ina sifa yake hapa, kwani mafuta yake yana yujeno, kitu chenye kuua vijidudu. Lakini ni makali, na yakipakwa matupu huichoma ngozi. Tone moja katika kikopo kizima si uchache. Ndimu, ambayo wengi husugua kwapani moja kwa moja, ina uchungu kwa ngozi iliyonyolewa, na maji yake yakipigwa na jua huweza kuacha mabaka na malengelenge. Anayeitumia na aioshe kabla ya kutoka. Bekingi soda inayosifiwa sana nayo huwawasha wengi. Cha kwanza hujaribiwa kidogo mkononi, hungojewa siku moja, ndipo kikapanda kwapani. Na hakuna dawa yoyote inayomwondolea mtu wajibu wa kuoga.

Swali kubwa zaidi ni la mali. Makonyo ya karafuu yanakamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Langilangi ya Ngazija imo katika manukato ya Paris tangu enzi za babu zetu. Wanawake wa mwambao wa mashariki ya Unguja, walioanza kulima mwani mwaka 1989, siku hizi huusaga na kuutia katika sabuni ya mafuta ya nazi na karafuu, wakaiuza kwa wageni. Msandali wa Afrika Mashariki, kwa upande mwingine, ulichimbwa mpaka mizizi na kusafirishwa kwa magendo, hata mwaka 2013 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe. Kila moja ya habari hizo ni ile habari ya zamani: nani anatokwa na jasho, na nani ananukia.

Mwaka 1866 jibu lilikuwa jepesi na la kutisha. Tangu hapo mambo yamebadilika, lakini hayajabadilika peke yao. Yalibadilishwa na mwanamke aliyetoka katika utumwa akanunua kikuba cha kwanza kwa senti yake mwenyewe. Yalibadilishwa na nyanya aliyeiweka shabu kabatini miaka yote ya makopo, na somo aliyefundisha bila ya kuaibisha. Wanawake hao hawakuacha shajara wala kumbukumbu za kuchapishwa Berlin. Waliacha kinu, jiwe la liwa, chetezo kilichopasuka mdomo, na irabu moja ndogo katikati ya kitenzi, inayomkumbusha kila asemaye Kiswahili kwamba harufu njema haikamiliki mpaka imfikie mwingine.